Mkebe wa Farasi na Madada wa Kabichi

Mwaka huu nimetazama tamthilia tisa za Kikorea, na katika zote tisa nimesema uongo. Filamu sizihesabu, maana filamu ni ya saa mbili, na ndani ya saa mbili mtu hawezi kudanganya akashiba. Tamthilia ndiyo yenye nafasi. Sehemu kumi na sita, kila moja saa nzima, wanalia, wananyeshewa, wanakula tambi, wanalia tena. Humo msema uongo mwenye kipaji anaweza kujenga nyumba, akaiezeka, akatafuta na mpangaji. Mimi kipaji ninacho. Walimu wangu wa Mbale wamekiandika kwenye ripoti kwa majina mengine: "anaongea sana", "anachekesha darasa", na yule wa Kemia, ambaye Mungu hakumpa kicheko, aliandika neno moja tu, "asaidiwe". Naitwa Nandudu, nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tano, na haya nayaandika sebuleni kwetu Mafubira, Jinja, likizo ya Desemba, nikiutazama mkebe wa bati ulio juu ya kabati. Zamani ulikuwa wa biskuti. Kifuniko chake kina picha ya farasi aliyekwanguka jicho moja. Mwaka huu mkebe huo umesafiri kati ya Mbale na Jinja kuliko makondakta wengine, na aliyeubeba ni mimi, bila kujua nimebeba nini.

Uongo ulianza Februari, Nakaloke, kwa Mama Mkubwa, yaani dada mkubwa wa Mama. Shule yangu ni ya bweni, lakini Jumamosi tulizoruhusiwa kutoka nilikwenda kwake kula. Alikuwa askari wa magereza, akastaafu, ila habari za kustaafu hazikumfikia zote. Geti lake lilikuwa na kufuli mbili, mchana kweupe. Chakula aligawa kwa bakuli moja la kupimia, wewe uwe na njaa ya tembo au ya panya. Na kabla hatujagusa kijiko alisimama mlangoni mwa jiko akaita, "Hesabu!" nami, peke yangu mezani, niliruka juu na kujibu, "Mmoja, Afande!" Nilimwita Afande, yeye aliniita mfungwa wangu, na kama kuna jina lingine la upendo duniani mimi sijaliona. Sebule yake naiona hata sasa: viti vya mbao vyenye vitambaa vyeupe vya kufuma, kalenda za miaka iliyokwisha ambazo hakuzitoa kwa sababu picha zilikuwa bado nzuri, na yeye mwenyewe ukutani, kijana, ndani ya yunifomu, kiuno kama cha nyigu na uso wa mtu ambaye hajawahi kukubali udhuru. Harufu ya nyumba ile ilikuwa ya malewa, machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi. Nguo zangu za shule zilirudi bwenini zinanuka moshi huo, na wenzangu wakaniuliza kama natoka nyumbani au natoka kuungua.

Nilifika na flashi niliyojaziwa filamu mjini, nikaichomeka kwenye TV yake. Wakorea wakaanza kusema, na chini yao maandishi ya Kiingereza yakaanza kupita. Kiingereza Mama Mkubwa alikisoma, ila polepole, kama mtu anayesoma hati ya mashtaka. "Maandishi hii inakimbia kama mfungwa," alilalamika. "Nikishika neno moja, ingine imesharuka ukuta." Basi nikafanya kama wanavyofanya wale wa vibanda vya video tunaowaita vijei, watu wanaoshika maikrofoni na kutia maneno yao juu ya filamu, wakiwapa waigizaji majina ya kwetu na kusalimia wateja katikati ya vita. Vijei hutumia Kiganda. Mimi nilitumia Kiswahili, kwa sababu Mama na dada yake walilelewa katika nyumba za askari magereza, ambako kila mlango ulikuwa na kabila lake na Kiswahili ndicho kilichowagombanisha na kuwapatanisha wote. Tajiri kijana nikamwita Masaba, msichana muuza tambi nikamwita Nambozo, na mama yake tajiri, yule mwenye lulu shingoni na nyoka moyoni, nikamwita Mama Kiwanda.

"Huyo mama anasema nini?" Mama Mkubwa aliuliza.

"Anasema, 'We msichana wa tambi, mwache mtoto wangu, rudi kwenu Bududa.'"

"Bududa? Hata Korea wanaijua Bududa?"

"Dunia ni ndogo, Afande."

"Na sasa amemwagia maji usoni! Maji safi namna hiyo! Kwani kwao bomba haikatiki?" Akaegemea mbele, mkono gotini. "Nambozo, simama! Usilie mbele ya adui! Mwambie asimame."

"Hanisikii."

"Basi sema kwa nguvu."

Nikasema kwa nguvu, na Nambozo, kwa bahati, akasimama. Mama Mkubwa alinitazama kana kwamba nimemtoa mtu gerezani.

Tangu siku hiyo sikutafsiri tena, nilitawala. Ile ya mwanasheria mzimu, anayetetea watu waliokufa bila kusikilizwa, nilimpa mzimu sauti ya mkuu wetu wa shule, na Mama Mkubwa alicheka hadi akaomba maji. Ile ya daktari aliyepoteza kumbukumbu niliiharibu kabisa. Katika toleo langu hakusahau chochote, alikuwa anakwepa harusi tu. Filamu moja sikumtafsiria mtu. Ilikuwa ya dereva wa lori, mjane, anayejifunza kusuka nywele za binti yake. Niliitazama kwenye simu, nyuma ya jiko, nikalia kamasi mpaka kidevuni. Nikajiambia sitaifanyia mzaha, hiyo iache ilivyo. Laiti ningekuwa na akili ya kuziacha mbili.

Kule Jinja nilikuwa na mtazamaji wa pili, ambaye alitazama kwa mgongo. Mama ni fundi cherehani, anashona yunifomu za shule, na cherehani yake inatazama ukuta kwa sababu ndiko lilipo dirisha. TV iko nyuma yake. Kwa hiyo kila likizo mimi nilikaa katikati na kumweleza, naye akakanyaga cherehani, na ulijua sehemu imemkolea pale sindano iliponyamaza. Mgongo wa Mama naujua kuliko ramani ya Uganda. Akichukia, mabega yanapanda. Akilia, anakata uzi ambao hauhitaji kukatwa.

Mama na Mama Mkubwa walikuwa hawajazungumza miaka saba. Bibi alipofariki, mwili ukiwa Nakaloke, Mama alitoka Jinja alfajiri na basi likaharibika njiani. Alifika wanatia udongo. Mama Mkubwa, ambaye saa kwake ilikuwa saa, hakuwa amesubiri. Mama akasema mbele ya waombolezaji, "Umemzika mama yangu kama mfungwa asiye na ndugu." Mama Mkubwa akajibu, pia mbele yao, "Mwenye mama huwahi." Ndiyo hayo tu. Maneno mawili, moja la huyu na moja la yule, na kila mmoja akakaa nyumbani kwake kusubiri mwenzake aje aseme nimekosa. Nilipopata nafasi shule ya Mbale, Mama aliniambia, "Ugomvi si wako. Nenda kwake, kula, cheka. Ila salamu zangu usibebe, maana sijakupa."

Mei, shule ilipofunga, Mama Mkubwa aliniwekea mkebe wa farasi mapajani. Ndani mlikuwa na malewa, yamefungwa mafungu mafungu kwa kamba ya mgomba.

"Hii peleka Jinja. Usiseme nimetuma."

"Niseme nini, Afande?"

"Sema umeokota."

"Nimeokota malewa, yamefungwa vizuri, ndani ya mkebe?"

"Mfungwa hana maswali."

Mama alifungua kifuniko, akanusa, akasimama na mkebe mikononi muda ambao mtu angeweza kushona kaptula nzima. "Umetoa wapi?" Nimeokota, nikasema. "Umeokota na mkebe wa bibi yako?" Hapo ndipo nilipojua mkebe ulikuwa wa nani. Aliyaloweka, akayachemsha, akayaunga kwa karanga za kusaga, tukala na matoke, naye akafuta sahani yake kwa kidole, mtu anayenikataza mimi kulamba kijiko. Siku ya kurudi shule aliuosha mkebe, akaukausha juani, akatia ngege wawili, samaki wa ziwani, waliokaushwa kwa moshi, akawafunika kwa gazeti. "Siwezi kurudisha chombo cha mtu kitupu," alisema. "Ni adabu tu. Usianze kufikiria mambo." Sikufikiria mambo. Nilifikiria ngege watanuka ndani ya begi langu, na kweli walinuka.

Muhula wa pili ndipo nilipopata ile tamthilia. Jina lake halisi ni refu, mimi niliiita Madada wa Kabichi. Dada wawili, wamezeeka, kila mmoja na mji wake na mitungi yake ya kabichi ya pilipili, hawajasemezana tangu walipomzika baba yao. Nilipoona hivyo sehemu ya kwanza, nikashika kichwa. Nikajisemea, Nandudu, hii Mungu amekutumia wewe kwa jina. Mama Mkubwa aliisogelea TV Jumamosi baada ya Jumamosi mpaka kiti kikaacha alama sakafuni. Hakucheka sana. Mara moja alisema, bila kunitazama, "Huyu mkubwa si mbaya. Ana sura tu."

Sasa nieleze mwisho wake wa kweli, maana wengi hamtauona. Sehemu ya kumi na mbili, dada mkubwa anapeleka mtungi wa kabichi hadi mlangoni kwa mdogo wake, anauweka chini, anaondoka bila kubisha. Mdogo anafungua, anakula kabichi kwa mkono, wima, jikoni, hata wali hana. Kesho yake anaosha mtungi, anaujaza matunda makavu, anaurudisha. Kisha mlima, theluji, majina ya waigizaji. Imekwisha. Hakuna aliyesema neno. Mimi nilikuwa nimeutazama kwanza kwenye simu, nikakasirika. Saa kumi na mbili za maisha yangu, halafu kabichi! Mtazamaji wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono imeshikana, na mimi nina kinywa na nina kipaji. Pale mdogo anapoonekana barabarani amebeba mtungi, nikaanza. Nikasema huyu anakwenda kwa dada yake. Nikasema amechoka, miaka imepita, anabisha mlango, anasema, "Dada, nimekuja mwenyewe. Nimekosa." Theluji ikaanguka nikasema wako ndani wanapika.

Mama Mkubwa aliitazama theluji mpaka skrini ikawa nyeusi. Kisha akasema taratibu, "Kumbe hata mdogo anaweza kujua njia." Jumamosi iliyofuata nilikuta kufuli mbili zimening'inia na geti liko wazi. Niliuliza kama ameibiwa. "Hewa," alijibu. "Nyumba inataka hewa."

Agosti nikafika Jinja na mkebe umejaa malewa tena, na flashi ile ile. Nikamsimulia Mama. Mgongo wake ulisikiliza sehemu zote kumi na mbili, na nyuzi nyingi zilikatwa bure. Tulipofika mwisho, ningeweza kumwambia kama nilivyomwambia dada yake, kwamba mdogo ndiye aliyekwenda. Lakini vijei hula kwa kumpendeza aliye mbele yao, na aliye mbele yangu alikuwa mdogo. Basi nikashika pale mkubwa anapoweka mtungi mlangoni. Nikasema haondoki. Nikasema anapiga magoti, hata viatu hajavua, anasema, "Mdogo wangu, nilipaswa kukusubiri." Cherehani ilinyamaza. Nilijiona bingwa. Nilijua, mimi na akili zangu, kwamba sasa kila mmoja amelainika. Sikuona kitu ambacho mtoto wa darasa la tatu angekiona: nilikuwa nimemwambia kila mmoja kwamba mwenzake ndiye anayekuja.

Kesho yake Mama alifungua mkebe. Hakusimama nao kama Mei. "Malewa tena," alisema. "Malewa haina miguu. Yule wa kabichi alikuja mwenyewe." Nikacheka. Septemba nikampelekea Mama Mkubwa mkebe wenye ngege, akafunua gazeti, akatazama nyuma yangu, getini, kana kwamba samaki wametangulia na mwenyewe analipa nauli. "Samaki tu? Yule wa Korea alikuja na miguu yake." Nikamwambia wa Korea ana treni, Afande. Nikacheka na hapo. Mara mbili nilipewa nafasi ya kusema maneno manne, "ule mwisho niliutunga mimi", na mara mbili nikachagua kuchekesha.

Oktoba, Jumatano, niliitwa kutoka darasani. Mama Mkubwa alianguka jikoni asubuhi. Presha. Jirani yake, Mama Zubeda, alimkuta kwa urahisi kwa sababu geti lilikuwa wazi. Walimfikisha hospitali, mimi nikafika, nikamkuta amelala na uso ule ule wa ukutani, usiokubali udhuru. Nilimwambia "Mmoja, Afande" sikioni, nikangoja aniulize wengine wako wapi. Aliondoka kabla ya saa kumi, Mama akiwa bado barabarani.

Kwenye mazishi Mama hakuchelewa. Alikwenda makaburini kabla ya wachimbaji, akasimama peke yake kwenye umande na pochi yake, na walipokuja na majembe ikabidi awaonyeshe yeye wachimbe wapi. Ningekuwa naisimulia kwa mtu mwingine hapo ningetia kichekesho. Nimetafuta, sijakipata. Baada ya kuzika, Mama Zubeda alikuja kumpa Mama mkono, akamshika asimwachie. "Wewe ndiye mdogo wake wa Jinja? Alisema utakuja. Jumamosi zote alikuwa anafungua geti, anaketi, ananiambia, 'Mdogo wangu anakuja na miguu yake.' Mimi nikamuuliza umejuaje? Akasema ameona."

"Ameona wapi?" Mama aliuliza.

Mama Zubeda hakujua. Mimi nilijua. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwao, na ile midomo yangu ambayo walimu wote wa Mbale wanailalamikia ilikuwa imeshonwa.

Shule ilipofunga tena, tulipopanga vitu vyake, niliukuta mkebe jikoni, juu ya jiko la mkaa lililopoa. Umejaa. Mafungu yamefungwa kwa kamba ya mgomba, tayari kwa likizo ya Desemba. Nikaubeba hadi Mafubira kama nilivyozoea, na Mama akauweka juu ya kabati, haukufunguliwa wiki nzima.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, Mama aligeuza kiti. Sijawahi kumwona akigeuza kiti kile. Cherehani ilibaki inatazama ukuta peke yake. "Weka ile ya kabichi," alisema. "Ya mwisho. Nataka kumwona anavyopiga magoti."

Niliweka. Mkubwa akaja na mtungi, akauweka chini. Mama akangoja. Mkubwa akageuka, akaenda zake.

"Magoti iko wapi?"

"Hakuna, Mama."

"Soma. Soma kilichoandikwa."

"Hakuna kilichoandikwa. Hawasemi kitu." Nikaonyesha TV kwa kidole. "Ni mtungi tu. Anakula, anauosha, anatia matunda, anaurudisha. Ndiyo mwisho. Hayo magoti niliyaweka mimi."

Alitazama yule mdogo anavyokula kabichi kwa mkono, wima. Akaniambia nirudishe nyuma, nikarudisha. Akasema rudisha tena. Mara ya tatu aliuliza, macho yapo kwenye TV, "Na kwa dada ulisema nini?"

"Nilisema mdogo ndiye aliyekwenda."

Nilingoja kofi. Nililitaka, naapa, ningelishukuru. Mama alinyoosha mkono, nikafumba macho, kumbe anashusha mkebe kutoka kabatini. Akafungua, akanusa, akaingia jikoni. Nilisikia maji, kisha nikasikia kitu nilichofikiri ni kikohozi, nacho hakikuwa kikohozi. Sikumfuata. Alipoita, tulikula malewa na karanga, yeye kwa mkono, wima, kando ya jiko, na mimi nikasimama pia, maana nilikuwa sijui kama nina haki ya kukaa.

Tulipomaliza aliuosha mkebe. Aliusugua hadi pembeni, akaufuta farasi, akauanika juani kama ilivyo desturi yake. Mchana nilimkuta amesimama uani, mkebe uko wazi mikononi, anatazama ndani.

"Nandudu," aliniita, "sasa nitie nini?"